Jani la Uajemi, Maziwa ya Punjab: Historia ya Mchuzi wa Spinachi na Jibini na Maana Yake kwa Sera za Urithi wa Chakula

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mchuzi wa spinachi na jibini unaopikwa majumbani katika Punjab na kaskazini mwa India, ambao kwa jina la huko huitwa palak paneer. Mchuzi huu huelezwa mara nyingi kuwa chakula cha jadi kisicho na tarehe. Hoja ya makala ni kwamba viambato vyake vikuu ni vya kale, lakini muungano wake na umaarufu wake ni zao la karne ya 20. Mambo matatu yaliuleta pamoja: uhamaji wa watu baada ya mgawanyo wa mwaka 1947, mikahawa ya mijini, na sera ya maziwa. Ushahidi unaotumika ni maandishi ya kasri la Akbar, maelezo ya wasafiri, amri za serikali, istilahi za mimea, na njia yenyewe ya upishi. Sehemu ya mwisho inaonyesha uhusiano wa historia hiyo na Afrika Mashariki na kutoa mapendekezo matatu.

1.0 Utangulizi

Kila orodha ya urithi wa chakula inapoandaliwa, swali la kwanza huwa ni la asili: chakula hiki ni cha nani, na kilianza lini? Swali hilo huonekana jepesi, lakini jibu lake hugawa haki. Hueleza nani aandikwe katika orodha na nani aachwe, bidhaa ipi ilindwe na sheria, na jamii ipi ionekane kuwa mwenyeji au mgeni. India yenyewe imeonja ugumu huo. Mwaka 2017 jimbo la West Bengal lilipewa alama ya utambulisho wa kijiografia kwa rasgula, kitamu cha maziwa yaliyogandishwa. Mwaka 2019 jimbo jirani la Odisha likapewa alama yake kwa kitamu cha jina hilohilo. Mwaka 2024 kesi ilifika katika Mahakama Kuu ya Delhi kuhusu nani mwenye haki ya kusema kwamba ndiye aliyebuni kuku wa siagi. Ikiwa vyakula vilivyobuniwa karibuni vina mgogoro wa asili, vile vinavyodhaniwa kuwa vya kale vinastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi.

Mchuzi wa spinachi na jibini ni mfano unaofaa kwa sababu unadai umri mkubwa. Hotelini hutambulishwa kuwa chakula cha kijijini. Majumbani hufundishwa na mama kwa binti pasipo kuandikwa. Makala haya hayakanushi kwamba ni chakula cha nyumbani. Yanauliza ni nyumba zipi, za wakati gani, na kwa nguvu gani za kiuchumi na kisiasa mchuzi huu ulifika humo.

2.0 Jani na Majina Yake

Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hukutana na tatizo la istilahi kabla hajafika kwenye historia. Kamusi nyingi na midomo mingi hutafsiri jani hili kuwa mchicha. Mchicha wetu, hata hivyo, ni mmea wa jamii ya Amaranthus. Spinachi ya asili, Spinacia oleracea, ni mmea mwingine uliotokea Uajemi na maeneo ya jirani. Kumbukumbu za China za enzi ya Tang zinaeleza kuwa mwaka 647 mfalme wa Nepal alilipeleka jani hilo katika kasri la China kama zawadi, na Wachina walipata kuliita mboga ya Uajemi. Waarabu walilipokea kutoka kwa Waajemi na kulifikisha Andalusia, ambako katika karne ya 12 mwanachuoni wa kilimo Ibn al-Awwam wa Seville alilitaja kuwa mkuu wa mboga za majani.

Nchini India jina palak linatokana na neno la Kisanskriti, na hata leo hubeba mimea miwili. Vitabu vya kilimo vya India hutofautisha palak ya kienyeji, ambayo ni Beta vulgaris, yaani jamaa wa bitiruti anayelimwa kwa ajili ya majani, na vilayati palak, yaani palak ya ng'ambo, ambayo ndiyo Spinacia oleracea. Neno vilayati lina asili moja na maneno yetu wilaya na Ulaya. Utata huohuo umo katika masoko ya Afrika Mashariki: fungu linalouzwa kwa jina la spinachi, lenye majani mapana na mashina manene meupe, kwa kawaida ni Beta vulgaris. Kwa hiyo, mpishi wa Nairobi au Kampala anayetumia jani hilo hajakosea wala hajabadilisha asili. Anatumia ndugu wa jani ambalo wakulima wengi wa India wanaliita palak.

Zaidi ya hayo, Wapunjabi wana neno lingine pana zaidi, saag, linalotokana na Kisanskriti shaka. Saag si mmea, bali ni namna ya chakula: majani yoyote yaliyochemshwa na kupondwa. Yanaweza kuwa ya haradali, ya spinachi, ya magugu ya shambani, au hata ya mchicha, ambao kwa Kihindi huitwa chaulai. Hapa kuna jambo la msingi kwa hoja yetu. Mboga za majani zilizopondwa ni chakula cha kale cha mkulima. Jina palak paneer, kwa upande wake, linataja jani moja mahsusi na nyongeza moja mahsusi. Upunguzaji huo wa maana, kutoka mboga yoyote hadi jani moja, ni dalili ya kwanza kwamba tunashughulika na chakula kilichosanifishwa baadaye.

3.0 Jibini: Mjadala wa Wanahistoria

Jina la jibini yenyewe ni la Kiajemi. Panir ni neno la Waajemi kwa jibini ya kila aina, na ndugu yake ni peynir ya Waturuki. Paniri ya India, hata hivyo, ina sifa ya pekee: haigandishwi kwa kimeng'enya kinachotolewa katika tumbo la ndama, bali kwa tindikali, yaani ndimu, mtindi au maji ya jibini yaliyochacha. Kwa sababu hiyo haiyeyuki katika mchuzi wa moto, na inaweza kuliwa na wale ambao dini yao hairuhusu kitu kilichopatikana kwa kumchinja ndama.

Ni lini Wahindi walianza kugandisha maziwa kwa tindikali? K. T. Achaya, aliyechapisha historia ya chakula cha India mwaka 1994, alitoa hoja kwamba jamii za kale za Waarya zilikuwa na mwiko wa kuharibu maziwa kwa makusudi, na kwamba Wareno waliokaa Bengal ndio waliozoeza watu wa huko kutengeneza chhana, yaani maziwa yaliyogandishwa ambayo ndiyo msingi wa vitamu vya Kibengali. Hoja hiyo inaungwa mkono na mazingira: Wareno walikaa Hooghly tangu mwishoni mwa karne ya 16 hadi walipofukuzwa na Shah Jahan mwaka 1632, na daktari Mfaransa François Bernier, aliyekuwa India baada ya hapo, aliandika kwamba Bengal ilisifika kwa vitamu, hasa mahali walipokaa Wareno.

Kuna ushahidi unaoelekea upande mwingine. Manasollasa, kitabu cha Kisanskriti kilichotungwa karibu mwaka 1130 chini ya mfalme Someshvara wa Tatu katika eneo la Deccan, kinaeleza maziwa yaliyochemshwa, yakakatwa kwa kitu kichachu, yakachujwa kwa kitambaa na kufanywa kitamu. Karne nne kabla ya Wareno, basi, mbinu hiyo ilijulikana angalau katika jiko la mfalme mmoja wa kusini. Njia ya busara ni kutenganisha maswali mawili. Kujua mbinu ni jambo moja. Kuifanya chakula cha kila siku cha watu wengi ni jambo lingine. Mjadala wa asili umejibu zaidi swali la kwanza. Swali la pili, ambalo ndilo la historia ya jamii, linahitaji ushahidi wa aina nyingine.

4.0 Kasri Linasema, Jiko la Kijijini Linanyamaza

Ushahidi mmoja wenye uzito unapatikana katika Ain-i-Akbari, maelezo ya utawala wa Akbar yaliyoandikwa na Abul Fazl mwishoni mwa karne ya 16. Abul Fazl anagawa vyakula vya kasri katika makundi matatu, na kundi la kwanza ni la vyakula visivyo na nyama, ambavyo mfalme alikula katika siku zake za kujizuia. Miongoni mwa hivyo kuna sag, iliyopikwa kwa seri 10 za spinachi na mboga nyingine, seri moja na nusu ya samli, vitunguu, tangawizi mbichi, pilipili manga, iliki na karafuu.

Orodha hiyo inafaa kusomwa kwa kuangalia kilichomo na kisichokuwamo. Samli, kitunguu na tangawizi vipo, na bado vipo katika jiko la leo. Pilipili mbichi na nyanya hazipo, kwa kuwa zote mbili ni mimea ya Amerika, na nyanya hasa ilichelewa sana kukubalika katika upishi wa India. Jibini nayo haimo. Katika kasri lililosema Kiajemi, lililojua neno panir, na lililokuwa na uwezo wa kupata kila kiungo, mboga ya spinachi ilipikwa bila jibini. Ukimya wa hati moja hautoshi kuthibitisha kwamba hakuna aliyewahi kuchanganya vitu hivyo viwili. Unatosha kuonyesha kwamba muungano wao haukuwa kanuni.

Kuhusu nyumba za wakulima, hati ni chache kwa sababu waliopika hawakuandika na walioandika hawakupika. Hata hivyo, uchumi wa maziwa unatoa mwanga. Katika vijiji vya Punjab maziwa ya nyati wa kufugwa yaligandishwa kuwa mtindi, mtindi ukasukwa, siagi ikatolewa na kuchemshwa kuwa samli, na maziwa yaliyobaki yakanywewa shambani. Kwa njia hiyo chungu kimoja cha maziwa kilitoa mafuta yanayohifadhika kwa miezi pamoja na kinywaji cha siku hiyo. Anayekata maziwa kwa ndimu anapoteza yote mawili na kupata jibini inayoharibika kwa siku chache. Lita tano za maziwa ya nyati hutoa takriban kilo moja tu ya paniri. Kwa kaya isiyo na maziwa ya ziada, hiyo ni anasa ya siku ya mgeni au ya harusi. Ndiyo maana saag ya haradali kwa mkate wa mahindi na bonge la siagi ikawa sura ya kijiji cha Punjab, huku jibini ikikaa pembeni.

5.0 Mwaka 1947 na Meza ya Jiji

Mgawanyo wa Bara Hindi mwaka 1947 uliipasua Punjab katikati. Mamilioni ya watu walivuka mpaka mpya kuelekea pande zote mbili, na Delhi peke yake ilipokea karibu nusu milioni ya wakimbizi. Idadi ya wakazi wa mji huo ilipanda kutoka takriban 918,000 mwaka 1941 hadi takriban 1,744,000 mwaka 1951. Wengi wa wageni hao walikuwa Wapunjabi wa mijini waliopoteza nyumba, mashamba na maduka, wakaanza upya kwa biashara ndogondogo. Chakula kilikuwa miongoni mwa biashara zilizohitaji mtaji mdogo.

Mkahawa wa Moti Mahal, uliofunguliwa Daryaganj mwaka huohuo wa 1947 na wakimbizi kutoka Peshawar, ndio mfano unaotajwa zaidi. Ulifanya tanuri la udongo, ambalo awali lilikuwa tanuri la mkate wa mtaa, kuwa kitovu cha mkahawa. Mikahawa iliyofuata mtindo huo ilikabili tatizo la kibiashara: sehemu kubwa ya wateja wa India hawali nyama, na meza moja huweza kuketi mla nyama na asiyekula. Palihitajika chakula chenye uzito wa nyama, kinachokatwa vipande, kinachovumilia moto na mchuzi mzito. Paniri ilikidhi haja hiyo. Penye mchuzi wa nyama na spinachi pakawekwa mchuzi wa paniri na spinachi. Penye kuku wa siagi pakawekwa paniri ya siagi. Kwa hiyo, mchuzi tunaouchunguza unaeleweka vizuri zaidi ukisomwa kama mwenza wa mchuzi wa nyama katika orodha ya mkahawa kuliko ukisomwa kama masalia ya kijiji.

Kutoka mkahawani, chakula kiliingia vitabuni. Arjun Appadurai, katika makala yake ya mwaka 1988 kuhusu vitabu vya mapishi vya India ya sasa, alionyesha jinsi wanawake wa tabaka la kati mijini, waliohamahama na waume wao kwa kazi za serikali na kampuni, walivyobadilishana mapishi na kuunda kile kilichokuja kuitwa chakula cha Kihindi. Katika mzunguko huo mchuzi wa Kipunjabi ulifika jikoni kwa mwanamke wa Madras au Bombay, ambaye mama yake hakuupika. Hapo ndipo sifa ya unyumbani ilipopata maana yake ya leo. Hakuna anayehitaji kusema kwamba chakula ni cha nyumbani hadi pale chakula hichohicho kinapouzwa nje ya nyumba.

Upande wa pili wa mpaka nao uliacha alama. Majani makavu ya uwatu yanayotiwa mwishoni huitwa kasuri methi, kwa jina la Kasur, mji wa Punjab ambao tangu mwaka 1947 umo Pakistani. Mpishi wa Amritsar anapovunja majani hayo juu ya chungu, anataja kila siku mji wa upande mwingine wa mpaka.

6.0 Maziwa: Marufuku na Ushirika

Mkahawa ungeweza kubuni mchuzi, lakini usingeweza kuufanya wa kila nyumba bila maziwa. Katika miaka ya 1960 maziwa ya mijini yalikuwa haba, na serikali zilijibu kwa njia mbili zinazofaa kulinganishwa.

Njia ya kwanza ilikuwa marufuku. Mwaka 1965 serikali ya West Bengal, chini ya Waziri Kiongozi Prafulla Chandra Sen, ilitoa amri ya kudhibiti vitamu vya chhana. Hoja yake ilikuwa na mantiki ya haki: maziwa yanayogeuzwa kuwa vitamu yangefaa watoto na wagonjwa. Lakini amri hiyo iligusa riziki ya watengenezaji wengi na desturi za harusi na sikukuu, na ilipokelewa kwa hasira. Sen alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1967. Uhaba wa nafaka ndio uliokuwa mzigo mkubwa zaidi wa serikali yake, ila amri ya vitamu ilibaki katika kumbukumbu za watu kuwa ishara ya serikali iliyoingia jikoni bila kubisha hodi.

Njia ya pili ilikuwa kuongeza maziwa kwa kumpa mfugaji soko. Ushirika wa wafugaji wa Kaira, katika Gujarat, uliandikishwa mwaka 1946 na baadaye ukajulikana kwa jina la Amul. Mwaka 1965 iliundwa Bodi ya Taifa ya Maendeleo ya Maziwa chini ya Verghese Kurien, na mwaka 1970 ukaanza mpango uliojulikana kama Mafuriko ya Maziwa. Maziwa ya unga na mafuta ya siagi yaliyotolewa na Ulaya kama msaada yaliuzwa mijini, na fedha zilizopatikana zikajenga vyama vya ushirika vijijini. Awamu ya kwanza iliunganisha maeneo 18 ya ufugaji na miji minne mikubwa: Delhi, Bombay, Calcutta na Madras. Uzalishaji wa India, uliokuwa zaidi kidogo ya tani milioni 20 kwa mwaka wakati mpango unaanza, ulivuka tani milioni 200 miaka 50 baadaye, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo imekuwa ya kwanza duniani kwa maziwa.

Mabadiliko hayo yaliondoa kikwazo kilichoelezwa katika sehemu ya nne. Kaya ya mjini haikulazimika tena kuchagua kati ya samli na jibini, kwa sababu yote mawili yaliuzwa dukani. Paniri ilihama kutoka siku ya harusi hadi siku ya kawaida. Kanuni za chakula nazo zikalazimika kuifafanua: sheria za India hutaka mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 50 ya uzito mkavu wa paniri ya kawaida. Hitaji la kipimo hicho linaeleza kuwa bidhaa imekwisha kutoka mikononi mwa mama na kuingia katika biashara inayoweza kughushiwa.

7.0 Upishi kama Hati

Njia ya kupika mchuzi huu nyumbani inaweza kusomwa kama hati, kila hatua ikibeba tabaka lake la wakati. Kwa familia ya watu wanne, lita mbili za maziwa yasiyoondolewa mafuta huchemshwa, moto hupunguzwa, na maji ya ndimu hutiwa kidogo kidogo huku maziwa yakikorogwa polepole hadi yakatike na maji ya kijanikijani yajitenge. Mabonge hukusanywa katika kitambaa chepesi, husuuzwa ili uchachu utoke, hukamuliwa na kuwekewa kitu kizito kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Hii ndiyo mbinu ya karne ya 12, ila sasa hufanywa kwa maziwa ya pakiti. Maji yanayobaki hayamwagwi. Hukandia unga wa chapati, au huachwa yachache ili yakatie maziwa ya siku nyingine.

Spinachi, kiasi cha gramu 600 hadi 700, hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, huhamishiwa katika maji baridi ili rangi isipotee, kisha hupondwa. Katika samli ya moto hutangulia bizari nyembamba, halafu kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, mambo ambayo mpishi wa Akbar angeyatambua mengi. Pilipili mbichi, na kwa baadhi ya nyumba nyanya moja, ni sehemu ya Amerika. Majani yaliyopondwa huingia na kupikwa kwa muda mfupi, vipande vya paniri hufuata, na mwisho ni uwatu wa Kasur. Mkahawa huongeza malai na hukaanga paniri. Nyumba nyingi huacha mambo hayo, na majani huwa mengi kuliko jibini. Tofauti hiyo haitokani na ufundi pekee. Inahifadhi kumbukumbu ya wakati jibini ilipokuwa ghali na majani yalikuwa bure.

Upishi huu una maana ya lishe pia. Spinachi ina kalisi nyingi, lakini oksalati iliyomo huifunga. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1988 vilionyesha kuwa watu wazima hufyonza takriban asilimia 5 ya kalisi ya spinachi, ilhali hufyonza takriban asilimia 27 ya kalisi ya maziwa. Katika chungu hiki, basi, kalisi inayomfaa mlaji hutoka hasa kwenye jibini, nayo majani huleta folati, vitamini A na nyuzinyuzi. Mshauri wa lishe anayependekeza majani ya aina hii kama chanzo cha kalisi, bila kuuliza yanaliwa na nini, atapata takwimu nzuri na mifupa dhaifu.

8.0 Uhusiano na Afrika Mashariki

Punjab na Afrika Mashariki zimeunganishwa na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 takriban vibarua 32,000 waliletwa kutoka India ya Waingereza kujenga njia ya Mombasa hadi ziwani, na wengi wao walitoka Punjab. Karibu 2,500 walifariki na karibu 6,700 walibaki baada ya mikataba yao kwisha. Waliobaki, pamoja na mafundi, makarani na wafanyabiashara waliowafuata, walijenga maduka, shule na mahekalu.

Kando ya reli hiyo, huko Makindu nchini Kenya, hekalu la Kalasinga lilijengwa mwaka 1926. Hadi leo msafiri wa dini yoyote hulishwa humo bila malipo, kwa desturi ya langar iliyoanzishwa na Guru Nanak, aliyefariki mwaka 1539. Chakula cha langar hakina nyama, ili asiwepo mtu wa kukikataa. Msingi wake ni chapati, dengu na mboga. Kwa historia ya vyakula hili ni jambo kubwa. Watu wengi wa kanda hii wamekula chakula cha Kipunjabi wakiwa wameketi chini pamoja na wenyeji wake, kabla hawajakiona katika orodha ya bei ya hoteli yoyote.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Makumi ya maelfu walihama, wengi kuelekea Uingereza, na majiko yao yalihama nao. Chakula kilichokuwa kimezoea mchicha wa Afrika Mashariki kilipikwa tena Leicester na London, safari hii kwa spinachi. Upande mwingine, mwezi Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. Matukio haya mawili, yaliyopishana kwa miaka 45, yanaonyesha kuwa swali la asili halijawahi kuwa la kitaaluma tu. Anayefukuzwa kwa madai kwamba si mwenyeji hufukuzwa kwa hoja ileile inayotumika kusema kwamba chakula chake si cha hapa. Chapati ilipata uraia kimyakimya, kwa kuliwa; waliokuja nayo hawakuwa na bahati hiyo kila mahali.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonyesha kuwa mchuzi wa spinachi na jibini una jani lililotoka Uajemi, jina la jibini la Kiajemi, mbinu iliyoandikwa Deccan katika karne ya 12, viungo vya kasri la karne ya 16, pilipili ya Amerika, wakimbizi wa mwaka 1947 na maziwa ya ushirika ya baada ya mwaka 1970. Ni chakula halisi cha nyumbani, na pia ni kichanga. Sifa hizo mbili hazipingani. Uhalisi wa chakula hautokani na ukale wake, bali na watu wanaokipika na kukirithisha.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, wanaleksikografia wa Kiswahili wafafanue mchicha, spinachi na majani ya jamii ya bitiruti kama mimea mitatu tofauti. Mkanganyiko wa sasa huathiri ushauri wa lishe na takwimu za kilimo, kwa kuwa mimea hiyo haina virutubishi sawa. Pili, taasisi zinazoandaa orodha za urithi wa chakula ziache kutumia ukale kama kigezo cha kwanza, na badala yake ziandike historia ya kila chakula pamoja na watu wanaokipika leo, wakiwemo raia wenye asili ya Asia. Wanawake wazee wanaopika katika majumba na mahekalu yao wahojiwe sasa, kwa lugha wanazozitumia jikoni, kwa sababu hati zao ni mikono yao.

Tatu, washauri wa sera za maziwa walinganishe mwaka 1965 wa Bengal na mwaka 1970 wa Mafuriko ya Maziwa. Uhaba ni uleule. Jibu moja lilimkataza mtengenezaji, jingine lilimjenga mfugaji. Kwa wafugaji wadogo wa kanda yetu, ambao msimu wa mvua huwapa maziwa mengi kuliko wanunuzi, jibini inayogandishwa kwa ndimu haihitaji kimeng'enya kutoka nje wala mtambo mkubwa. Inahitaji sufuria, kitambaa, maji safi, na soko linaloaminika. Sharti la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na historia ya Kaira inaonyesha kuwa halikutimizwa na mpishi peke yake. Lilitimizwa pale wafugaji walipomiliki njia ya maziwa yao kutoka zizini hadi mjini.